Laptopu za darasani haziwaki wala haziingii chaji baada ya likizo, nianzie wapi?

MwlMaabara

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa mtu aliyewahi kuhangaika na laptopu nyingi za shule kwa pamoja, maana ushauri ninaousoma kila mahali ni wa mtu mwenye laptopu yake moja nyumbani.

Ninasimamia chumba cha kompyuta chenye laptopu 32. Zinalala kwenye kabati la kuchajia lenye rafu nne, nane kila rafu. Likizo ilipoanza zilifungiwa humo zote zikiwa zimechomekwa. Shule imefunguliwa, nimezitoa moja moja, na hali niliyoikuta ni hii.

Kumi na moja hazina dalili yoyote ya uhai. Nabonyeza kitufe cha kuwashia: hakuna taa, hakuna feni, kimya. Nane kati ya hizo ni za rafu moja, ya pili kutoka chini. Tatu zimetoka rafu nyingine.

Nne zinawaka vizuri zikiwa kwenye chaja, lakini asilimia haipandi. Ukichomoa tu, zinazima papo hapo.

Mbili taa ya kitufe inawaka na feni naisikia ikizunguka, ila skrini ni nyeusi.

Kuna moja nyingine ambayo ile sehemu ya kugusa chini ya kibodi imekuwa ngumu kubonyeza, na mfuniko haukai sawasawa ukiufunga. Lakini hiyo inawaka na inaingia chaji, kwa hiyo siihesabu.

Laptopu ni za aina mbili. Za zamani zinatumia chaja ya pini ya duara, imeandikwa volti 19.5. Mpya zinatumia USB-C ya wati 45. Wanafunzi wamezichanganya chaja hadi sijui tena ipi ni ya ipi. Fundi mmoja alikuja, akabonyeza vitufe vya mashine mbili tatu, akasema betri zote zimekufa zinunuliwe nyingine. Sijakubali. Nina bisibisi na multimita (kipimo cha umeme) ya kawaida, na niko tayari kujifunza.

Wanafunzi wawili kwenye mashine moja wanaelewana. Wakiwa watatu, yule wa tatu anamaliza kipindi bila kugusa kibodi, na karibu kila mara ni mtoto yule yule. Naumia kumwangalia.

WayaMwekundu

Mwalimu, laptopu nane za rafu moja hazifi betri kwa pamoja. Hiyo rafu haina umeme. Chukua taa ya mezani au chaja ya simu, ichomeke kwenye kila tundu la rafu hiyo uone. Makabati mengi ya kuchajia yana swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, kitufe kidogo nyuma au ubavuni. Mengine yana saa inayogawa umeme kwa zamu: rafu hizi kwanza, rafu zile baadaye. Ukikuta hakuna umeme, subiri zamu igeuke ndipo uhukumu.

FundiTaratibu

Mwalimu, nimesoma maelezo yako yote, na naanza na ile uliyosema huihesabu. Hiyo ndiyo ya kwanza. Sehemu ya kugusa kuwa ngumu na mfuniko kutokaa sawa ni dalili za betri iliyovimba. Gesi imejaa ndani ya seli, betri inasukuma kibodi juu na kifuniko cha chini nje. Kwamba bado inawaka haisaidii kitu. Izime, ichomoe kwenye chaja, itoe kabatini. Usiubane mfuniko ufunge, usiiwekee vitabu juu, usiichokoe, usijaribu kuitoboa gesi itoke. Iweke mahali peke yake, juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na karatasi na mapazia, mpaka ipelekwe kwa wanaopokea taka za kielektroniki. Betri za lithiamu hazitupwi kwenye pipa la kawaida. Na wanafunzi wasiiguse. Baada ya hapo pitisha kiganja chini ya kila laptopu uliyonayo na uilaze juu ya meza tambarare. Inayobembea meza ikiwa sawa, itenge pia.

Sasa turudi kwa hizo nyingine. Umefanya jambo zuri sana kuzigawa makundi, maana "haiwaki" ni neno moja linalobeba magonjwa matatu: mashine isiyofikiwa na umeme, mashine inayofikiwa na umeme lakini betri haipokei, na mashine iliyowaka lakini haionyeshi. Yule fundi wako ameyapa yote jina moja. Betri mbovu inaweza kukupa mojawapo, lakini chaja mbovu, kebo, tundu la chaji na hata kabati vinakupa dalili zile zile, na hivyo vyote vinapimika bila kufungua skrubu hata moja.

Kabla ya kupima chochote, tengeneza mashahidi. Tafuta laptopu moja ya pini ya duara na moja ya USB-C ambazo una hakika zinachaji, pamoja na chaja zake. Zizungushie utepe mwekundu. Hizo chaja mbili haziingii kabatini wala haziazimwi. Kila laptopu inayoshukiwa inapimwa kwa chaja ya shahidi, na kila chaja inayoshukiwa inapimwa kwa laptopu ya shahidi. Ukipima laptopu usiyoijua kwa chaja usiyoijua, matokeo yoyote utakayopata hayana maana, na nimeona mazabodi, lile bamba kuu la saketi ndani ya laptopu, ikibadilishwa nzima kwa sababu ya kebo. Bandika namba kwenye kila laptopu na kila chaja, uwe na daftari. Mashine 32 hazikumbukwi kwa kichwa.

Chaja za pini ya duara ni rahisi. Weka multimita kwenye volti za mkondo mnyoofu (DC), masafa yanayozidi 20, ncha moja ndani ya pini na nyingine kwenye chuma cha nje. Utegemee kati ya 19 na 20. Zikisoma sifuri, au zikipanda na kushuka huku unapinda waya karibu na shingo ya pini, waya umekatika ndani. Hapo shingoni na pale unapotokea kwenye adapta (lile boksi la chaja) ndipo unapokatika mara nyingi, hasa ukizoea kuviringishwa kwa kubanwa. Angalia pia taa ya adapta. Ikiwaka peke yake lakini ikazimika pale tu unapochomeka kwenye laptopu, adapta inajilinda. Ijaribu kwenye laptopu ya shahidi. Ikiwaka kule, shoti iko ndani ya laptopu ile nyingine. Ikizimika na kule, adapta yenyewe imechoka.

Kuna mtego mmoja kwenye hizi chaja za duara. Kampuni kadhaa, Dell mojawapo, zimeweka sindano nyembamba katikati ya pini inayoiambia laptopu chaja hii ni ya wati ngapi. Sindano ikipinda au waya wake ukikatika, laptopu inaendelea kuwaka kwa umeme wa ukutani lakini inakataa kuchaji betri. Sasa soma tena maelezo ya laptopu zako nne ambazo asilimia haipandi. Kama ni za kampuni yenye sindano hiyo, zijaribu kwa chaja ya shahidi kabla hujailaumu betri.

USB-C ina tabia nyingine kabisa. Multimita itakuonyesha sifuri kwenye ncha ya chaja nzima kabisa. Usiitupe. Chaja ya USB-C haitoi kitu mpaka ihisi kuna kifaa upande wa pili. Kisha inatoa volti 5, halafu kifaa na chaja vinakubaliana kupanda hadi 9, 15 au 20. Laptopu nyingi zinataka 20. Chaja ya simu inaingia vizuri tundu lile lile lakini mara nyingi haifiki hapo, na laptopu ama inaikataa ama inaipokea polepole mno. Soma maandishi madogo kwenye chaja: kama hakuna mstari wa 20V, si ya laptopu zako. Kebo yenye kichwa kile cha zamani cha mstatili upande mmoja isitumike hapa. Na jaribu matundu yote mawili ya USB-C ikiwa laptopu inayo mawili, kwani kwenye baadhi ya mashine moja tu ndilo linalopokea chaji.

Kuhusu zile nane za rafu moja, WayaMwekundu amekujibu. Nyongeza yangu ni moja: hata ukirudisha umeme, usitarajie ziwake dakika hiyo hiyo. Seli ya lithiamu ikijaa ina volti 4.2. Ikishuka chini ya takriban volti 3, laptopu haithubutu kuimiminia umeme wote. Inaidondoshea kidogo kidogo mpaka ipande, ndipo ianze kuchaji kawaida. Wakati huo unaweza usione taa yoyote. Ichomeke kwenye chaja ya shahidi, iache nusu saa bila kugusa kitufe, kisha iache saa kadhaa kama bado. Mtu anayebonyeza kitufe kila baada ya dakika mbili anaila ile chaji ndogo iliyoingia.

Ikishindikana, iondolee umeme uliobaki ndani. Chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30, achia, chomeka chaja, subiri kidogo, washa. Baadhi ya laptopu, ThinkPad nyingi zikiwemo, zina kishimo kidogo upande wa chini chenye kitufe cha dharura. Klipu ya karatasi iliyonyooshwa inatosha kukibonyeza, chaja ikiwa imechomolewa.

Na tafadhali, mtu akikwambia anaweza kuiamsha betri iliyogoma kwa kuipitishia umeme moja kwa moja kwenye nyaya zake, mkatalie. Mzunguko wa ulinzi ndani ya betri umeifunga kwa sababu.

Zile mbili za skrini nyeusi, bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima unavyobonyeza, kompyuta iko hai na tatizo ni la kuonyesha. Ingia chumba chenye giza, mulika skrini kwa tochi kwa mshazari. Ukiona maandishi hafifu, taa ya nyuma ya skrini ndiyo iliyokufa. Usipoona kitu, unganisha na projekta au skrini ya nje. Caps Lock isipojibu kabisa, au taa ya chaji ikipepesa kwa mpangilio unaojirudia, hesabu pepesa hizo na uzitafute kwenye kitabu cha huduma cha modeli hiyo. Mashine inakuambia yenyewe kilichokwama. Mara nyingi ni RAM, kile kipande cha kumbukumbu ya muda, iliyolegea. Ukiamua kufungua, chaja ichomolewe na plagi ya betri itolewe kwenye mazabodi kwanza, ndipo uguse RAM.

Nijibu umepata nini, na unitajie kwa namba.

MtunzaSeva

Naunga mkono yote, naongeza mawili.

Darasani, chunguza matundu ya USB-C kwa tochi kabla ya kitu kingine. Watoto wanachomeka vitu. Nimetoa humo vipande vya karatasi, vifutio na ncha za penseli. Ncha ya penseli ni mbaya zaidi kwa sababu grafiti inapitisha umeme. Laptopu ikiwa imezimwa na imechomolewa, tumia kijiti cha mbao cha kuchokolea meno, taratibu, pembeni ya kile kiulimi cha katikati. Sindano na pini za chuma hapana.

La pili, kama zile mpya ni Chromebook (laptopu zinazotumia mfumo wa Google badala ya Windows), kuziamsha kuna njia yake: shikilia kitufe cha mshale unaozunguka, bonyeza kitufe cha kuwashia, kisha achia mshale mashine ikiwaka. Mwonye mwanafunzi kwanza, maana baadhi ya faili zilizo kwenye folda ya vilivyopakuliwa zinaweza kufutika.

Hapo FundiTaratibu aliposema uiache saa kadhaa, mimi naomba ziwe saa za kazi, mtu akiwa chumbani. Betri iliyoshuka hadi mwisho kisha ikaanza kupokea umeme si ya kuachwa usiku kwenye kabati lililofungwa.

FundiTaratibu

Mchana, mtu akiwepo, juu ya meza, milango ya kabati wazi. Nakubaliana nawe kabisa, Mwalimu afuate hivyo.

MwlMaabara

Nimerudi na daftari. Iliyovimba nimeitenga siku ile ile, na kwa kupitisha kiganja nimegundua nyingine, namba 19, ambayo kifuniko cha chini kimeanza kuachana na fremu. Zote mbili ziko peke yake stoo yenye sakafu ya saruji, mlango umefungwa, mkuu wa shule amearifiwa.

Rafu ya pili kutoka chini ilikuwa na swichi yake nyuma ya kabati, imejikata. Laptopu nane nimezipanga mezani na kuzichaji kwa chaja za utepe mwekundu kwa zamu, nikiwa naandaa masomo pembeni. Saba zimewaka. Nyingine zilichukua muda mrefu kiasi kwamba nilikwisha kuzikatia tamaa, kisha taa ikatokea yenyewe. Namba 12 haijawaka hata baada ya kushikilia kitufe.

Zile tatu za rafu nyingine kila moja ina lake. Ya kwanza ilikuwa imechomekwa chaja ya simu, volti 5 na 9 tu. Imewaka. Ya pili ilikuwa na ncha ya penseli ndani ya tundu, kama MtunzaSeva alivyosema. Imewaka. Ya tatu ni ya pini ya duara, pini inacheza tundu zima. Ukiishikilia kwa kuiinamisha kushoto taa inawaka, ukiachia inazimika.

Nne zisizopanda asilimia: mbili zimepanda kwa chaja ya shahidi. Nilipoangalia chaja zao za awali, sindano ya katikati imepinda kwenye zote mbili. Mbili zilizobaki hazipandi kwa chaja yoyote.

Skrini nyeusi: moja ilikuwa RAM. Nimefuata maelekezo ya kutoa plagi ya betri kwanza, nikaitoa RAM na kuirudisha mpaka ikabana, ikaonyesha. Nyingine inaonyesha kwenye projekta tu.

Kwa hiyo zilizobaki ni namba 12, ile ya tundu linalocheza, mbili zisizoingia chaji na moja ya skrini, ukiacha zilizovimba. Nifanyeje na hizo? Na je, likizo ijayo nizihifadhi vipi? Nilidhani kuziacha zimechomekwa ndiyo usalama.

FundiTaratibu

Kazi nzuri, Mwalimu. Mashine kumi na mbili zimerudi darasani, na hukununua kitu.

Mbili zisizoingia chaji, kabla ya betri angalia kitu kimoja: baadhi ya laptopu zina mpangilio wa kuzuia chaji isivuke kiwango fulani, kwa mfano 80, ili betri idumu. Yako imekwama sifuri, kwa hiyo sidhani ndiyo hiyo, ila kutazama hakuchukui muda. Kisha, kama ni Windows, fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport. Itakutengenezea ukurasa. Linganisha DESIGN CAPACITY, uwezo betri ilivyotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo wake wa sasa ikijaa. Ikiwa ya pili ni chini ya nusu ya ya kwanza, au ripoti haioni betri kabisa, basi hizi ndizo betri za kununua. Betri mbili, pamoja na za zile zilizovimba baada ya kukaguliwa ndani kama kibodi na mazabodi vimesalimika. Endesha ripoti hiyo kwenye mashine zote ulizonazo na uhifadhi takwimu daftarini. Muhula ujao utajua ipi inaelekea kuchoka kabla haijakuzimikia mbele ya darasa.

Namba 12, usiisukume zaidi. Ifungue, toa plagi ya betri, ichomeke chaja ya shahidi bila betri, jaribu kuwasha. Laptopu nyingi za pini ya duara zinawaka hivyo. Za USB-C si zote. Ikiwaka, mbovu ni betri. Isipowaka, ipeleke kwa fundi wa mazabodi na umweleze ulichokwisha kupima, asianze upya.

Ile ya projekta itumie hivyo hivyo kama mashine ya mwalimu. Kebo ya skrini inaweza kuwa imelegea kwenye bawaba, na mtu mwenye mkono mwepesi anaweza kuirudisha, lakini haina haraka.

Likizo: kufunga mfuniko si kuzima. Laptopu iliyofungwa tu imelala, na inaendelea kula betri polepole. Siku ya mwisho zichaji au zitumie hadi zifike karibu nusu, kati ya asilimia 40 na 60, kisha zizime kabisa kutoka kwenye menyu, uzichomoe, na kabati lenyewe ulichomoe ukutani. Betri ikikaa imejaa asilimia 100 kwa wiki nyingi kwenye joto la kabati inazeeka haraka, na ikikaa tupu inashuka mpaka ifungwe. Kama likizo ni ndefu, mtu apite katikati yake aziongezee zilizoshuka. Kabla ya kufungua shule, zichaji siku mbili tatu mapema, mchana. Na ile swichi iliyojikata ilijikata kwa sababu: hesabu wati za chaja zote za rafu hiyo, ulinganishe na kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa kabati. Kama wanafunzi waliongeza ekstensheni humo, itoe.

Tundu linalocheza halihitaji kukutisha. Kwenye laptopu nyingi za aina hiyo tundu la chaji halijagandishwa kwenye mazabodi. Limeshikwa kwa skrubu na lina waya wake mfupi wenye plagi. Unachomoa la zamani, unachomeka jipya, bila risasi ya kulehemu wala moto. Kwenye nyingine limechomelewa, na hapo ni kazi ya fundi. Fungua kifuniko cha chini, toa plagi ya betri, upige picha ya kona hiyo na uiweke hapa pamoja na modeli iliyoandikwa chini ya laptopu. Nitakuambia ni lipi kati ya hayo mawili.